Kuhimilisha mitamba wa nyama kwa saa: kuoanisha joto la kundi zima, kwa wafugaji wa Tabora

Mtamba mmoja mwekundu wa Uyui alitupa mimba ya miezi mitatu siku ya nne baada ya sindano yangu. Mwenye ng'ombe alinipeleka hadi kwenye majani kilipolala kile kijusi, wala hakupandisha sauti. "Bwana mifugo, si ulisema ni dawa ya joto?" Kabla ya kuchoma nilikuwa nimemuuliza kama mitamba wake wamekutana na dume, akajibu kwamba zizini kwake hana dume. Kweli hakuwa nalo. Lakini lambo la kijiji wanakunywa ng'ombe wa mazizi zaidi ya kumi, na dume la jirani haliulizi hereni. Kosa lilikuwa langu. Nilitakiwa kumpima mimba kwa mkono kabla sijafungua chupa.

Naanza na kisa hicho kwa sababu wanaonipigia simu kuhusu kuoanisha joto, yaani kuwafanya mitamba watake dume kwa wakati mmoja, karibu wote huanza na dawa: ipi, bei gani, sindano ngapi. Dawa ni sehemu ndogo ya kazi. Haimpi rutuba mtamba aliyekonda. Inawapanga kwenye mstari mmoja wale ambao miili yao tayari inafanya kazi, ili uwahimilishe, yaani uwawekee mbegu za dume kwa bomba, siku moja badala ya kuwinda joto la mmoja mmoja mwezi mzima. Kwa mkoa wetu hiyo ni faida kubwa. Mhimilishaji anatoka mjini na mtungi wa naitrojeni, ile baridi kali inayotunza mbegu, nyuma ya pikipiki, na masika njia za vijijini Kaliua au Sikonge ni tope tupu. Hawezi kuja mara 20 kwa mitamba 20.

Kinachotokea ndani ya mtamba

Mtamba aliyepevuka huja kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Wapo wa 18, wapo wa 24. Joto lenyewe ni fupi. Ng'ombe wa kizungu hukaa nalo masaa 15 hadi 18, lakini zebu wetu na Boran mara nyingi ni masaa 10 tu, na wengi hulianza usiku wachungaji wakiwa wamelala. Yai hutoka kati ya masaa 24 na 32 tangu joto lianze, yaani dalili zikiwa zimeshapotea. Ukiweka mbegu mapema mno zitachoka kabla yai halijafika. Ukichelewa, yai litakuwa limeshazeeka, maana uhai wake ni wa masaa machache.

Pale yai lilipotokea panaota kijinundu cha njano juu ya ovari. Kijinundu hicho hutoa projesteroni, homoni inayotunza mimba, na maadamu kipo mtamba haji kwenye joto. Asiposhika mimba, kuanzia kama siku ya 17 mji wa mimba hutoa prostaglandini, kijinundu kinasinyaa, joto linarudi. Sindano tunayochoma ni prostaglandini ya kiwandani. Tunamfanyia mtamba leo kile ambacho mwili wake ungekifanya wiki ijayo.

Hapo ndipo penye mipaka ya dawa. Kijinundu cha chini ya siku 5 au 6 bado kichanga, hakiisikii. Mtamba ambaye hajapevuka hana kijinundu kabisa, kwake sindano ni sawa na maji. Mwenye mimba changa anacho, na kinaisikia vizuri sana. Ndiyo yale ya Uyui.

Kalenda kwanza, halafu dawa

Mvua zetu huanza Novemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi, na kwa zebu na Boran huongezeka kidogo. Mimi huhesabu 285. Ukihimilisha tarehe 15 Februari, tegemea ndama karibu na 27 Novemba, majani yanapochipua. Ukihimilisha katikati ya Agosti kwa sababu ndipo pesa ya tumbaku imeingia mfukoni, ndama atadondoka mwishoni mwa Mei, na mama yake, ambaye mwenyewe bado anakua, atamnyonyesha kiangazi kizima kwenye mabua. Mtamba wa namna hiyo hazai tena mwaka unaofuata. Nimewaona wengi, na wenye mali husema "mbegu za chupa zinaharibu ng'ombe".

Kwa hiyo lengo langu ni kati ya wiki ya pili ya Februari na katikati ya Machi. Mitamba wamekula majani mabichi miezi miwili au mitatu, nywele zinang'aa, maji yapo karibu.

Ukiishika tarehe hiyo, rudi nyuma. Chanjo zote na dawa ya minyoo zimalizike angalau mwezi mmoja kabla ya kuhimilisha. Kuogesha dhidi ya kupe kuendelee kama kawaida, kwani mtamba aliyetoka kuugua ndigana hatakupa kitu msimu huo. Chumvi yenye madini, hasa fosforasi, iwepo muda wote. Walio nyuma kwa uzito wape mashudu ya pamba au ya alizeti, kilo moja kwa siku kwa kila mmoja, pamoja na pumba za mpunga, kwa wiki 6 hadi 8. Igunga na Nzega mashudu na pumba si vitu vya kutafuta mbali. Usibadilishe chakula ghafla wiki ya kuhimilisha. Mtamba aanze akiwa anapanda uzito na aendelee kupanda.

Nani aingie, nani abaki

Umri unadanganya. Mtamba wa kienyeji wa miaka mitatu anaweza kuwa bado mtoto, na chotara wa Boran wa miaka miwili akawa tayari. Angalia uzito: afikishe asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe wazima wa ukoo wake. Kama majike wako wazima wana kilo 250, mtamba awe na 165 au zaidi. Kama ni machotara wenye majike ya kilo 380, usimguse kabla ya kilo 245.

Mizani ya ng'ombe wachache wanayo, ila futi ya fundi cherehani inatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya bega kwa sentimita, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, halafu gawa kwa 10,840. Mtamba mwenye kifua cha 135 na urefu wa 115 anatoka na kilo 193. Si mizani ya dhahabu, lakini inakuzuia kujidanganya kwa macho, na macho ya mwenye ng'ombe daima huongeza kilo 30.

Kwa hali ya mwili, simama nyuma yake na ubavuni. Kwenye ngazi ya 1 hadi 5 unataka 3: mbavu moja mbili za nyuma zinaonekana, uti wa mgongo haukuchomi kiganja, na pande za mkia zina nyama kidogo. Aliyenona kupindukia naye ni mbovu, ila Tabora sijapata tatizo hilo mara nyingi.

Kisha mkono uingie. Huu ni mtihani wa daktari au mhimilishaji mwenye uzoefu, wiki 4 hadi 6 kabla. Anatafuta vitu vitatu: mimba, ukubwa wa mji wa mimba na ovari, na upana wa nyonga. Mji wa mimba mwembamba kama kalamu, usiokaza ukiguswa, ni wa mtamba ambaye hajapevuka, mrudishe malishoni. Mtamba aliyezaliwa pacha na ndume mwondoe kabisa kwenye orodha, zaidi ya 9 kati ya 10 ni tasa.

Waliofaulu watenge na madume tangu siku hiyo. Kuwatenga maana yake ni malisho yao na zamu yao ya maji lamboni, au mchungaji mwenye fimbo na asiyelala. Kuwafungia zizini usiku halafu mchana wakachanganyika mbugani ni kazi bure.

Hapo hapo amua mbegu ya dume gani. Mtamba wa kienyeji wa kilo 170 ukimwekea Charolais au Simmental, madume makubwa ya Ulaya, umejipangia usiku wa kuvuta ndama kwa kamba. Chukua Boran, tena dume lenye sifa ya ndama wadogo wakati wa kuzaliwa. Mirija ya mbegu inatoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kilichopo Usa River, Arusha, au kwa waagizaji wenye kibali. Hesabu mirija ya akiba, miwili kwa kila 10.

Siku 6 zinazokuokolea pesa

Kabla ya kununua dawa yoyote, kaa na kundi siku 6. Kama mitamba 20 wote wamepevuka na kila mmoja ana mzunguko wa siku 21, ndani ya siku 6 watano au sita lazima waje kwenye joto wenyewe, bila sindano. Ukiona mmoja au hakuna, na umeangalia kweli, kundi hilo halijawa tayari.

Nzega nilikaa na mzee mmoja mwenye mitamba 18. Siku 6, akaonekana mmoja tu. Nikamwambia tusubiri.

"Mwanangu, dawa si umeshakuja nayo?"

"Ninayo, mzee. Nikichoma leo utanilipa kwa kuwatoboa ngozi tu."

Alinuna. Tukawapa mashudu na pumba, tukarudia mwishoni mwa Machi, wakaonekana watano. Ndipo tukaanza.

Kuangalia maana yake nusu saa alfajiri, nusu saa jioni, na mara moja usiku kama saa 4 kwa tochi, wakiwa wametulia zizini, si wakati wanakimbilia maji. Dalili ya kuamini ni moja: mtamba anapandwa na wenzake na anasimama, hakimbii. Nyingine zote ni za kukushtua tu, nazo ni kupanda wenzake, kulia, kutotulia, ute mwangavu unaoning'inia kama uzi wa yai bichi, nywele za shina la mkia zilizovurugika na tope la kwato ubavuni. Zebu huficha joto lao, na mtamba wa chini ya wote zizini hathubutu hata kujionyesha mbele ya wakubwa. Wapake chaki nzito au rangi ya mifugo juu ya shina la mkia, mstari wa upana wa vidole vitatu. Asubuhi ukikuta imefutika yote, kuna aliyempanda usiku.

Ukiona damu kidogo mkiani, joto lilishapita siku mbili au tatu nyuma. Usimhimilishe. Andika tarehe na mngojee baada ya siku kama 18.

Njia tatu, na ninayoichagua mimi

Dawa hizi ziandikwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Prostaglandini hupita kwenye ngozi ya binadamu: mama mjamzito asiishike wala asisogelee sindano, na mwenye pumu vilevile. Ikikumwagikia, osha papo hapo kwa sabuni na maji. Nawaambia vijana wa kibanio, kile kichochoro cha kumshikia ng'ombe, hivyo kila mara, hata kama walikuwepo jana.

Njia ya kwanza ni mwendelezo wa zile siku 6. Kila aliyeonekana kwenye joto anahimilishwa masaa 12 baadaye. Siku ya 6 jioni, wote ambao hawakuonekana wanachomwa prostaglandini mara moja tu. Hesabu yake ni nzuri: aliyepevuka na ambaye hakuja kwenye joto siku 6 zote, kijinundu chake kimeshakomaa na kinasikia dawa, ama alikuwa karibu na joto na atakuja mwenyewe. Wengi watakuja kati ya siku ya 2 na ya 4 baada ya sindano. Ni ya bei ndogo kuliko zote na matokeo yake hayana aibu, ila inadai macho. Ukiwa na mchungaji makini, nenda nayo.

Njia ya pili ni sindano mbili zilizoachana siku 11. Ya kwanza inawakuta mitamba kila mmoja na siku yake. Takriban theluthi mbili watajibu; waliobaki wana kijinundu kichanga au wako karibu na joto lao wenyewe. Siku ya 11 karibu wote wamefika mahali ambapo kijinundu kinasikia. Choma ya kwanza Alhamisi, ya pili itaangukia Jumatatu. Ichome saa 1 asubuhi. Joto litaanza kuonekana kuanzia Jumatano hadi Ijumaa. Aliyesimama asubuhi mhimilishe jioni, aliyesimama jioni mhimilishe kesho yake asubuhi. Wasioonekana kabisa unaweza kuwahimilisha bila kuona joto masaa 80 baada ya sindano ya pili, yaani Alhamisi saa 9 alasiri, pamoja na sindano ya gonadorelini ya kusukuma yai. Hao wategemee kidogo.

Kwa njia zote mbili dozi ya kawaida ni mikrogramu 500 za kloprostenoli, ambazo kwenye chupa nyingi ni mililita 2, au miligramu 25 za dinoprosti, ambazo ni mililita 5. Soma lebo, kwa sababu chupa mbili zinazofanana rangi zinaweza kutofautiana nguvu. Choma kwenye msuli wa shingo kwa sindano ya inchi 1 na nusu. Zebu wana ngozi. Sindano fupi huiacha dawa chini ya ngozi, na dawa iliyodondoka chini ni mtamba aliyepotea kwenye ratiba. Ukiona tone limerudi na hujui ni kiasi gani, mwandike pembeni umfuatilie kwa macho.

Njia ya tatu ni ya CIDR, kile kifaa chenye umbo la T kinachobeba projesteroni na kukaa ukeni. Hiyo ndiyo ninayoichagua pale ambapo kundi ni kubwa, nyumba ni mbali, na hakuna mtu wa kuangalia joto. Ina faida nyingine: mitamba waliokaribia kupevuka, projesteroni ikiingia na kutoka, wengine wao huamka. Waliokaribia, nasema. Haimwamshi aliyekonda.

Siku ya 0, tuseme Jumatatu, kila mtamba anachomwa gonadorelini mikrogramu 100 na kuwekewa CIDR. Siku ya 7, Jumatatu inayofuata, CIDR inatolewa na prostaglandini inachomwa. Masaa 54 baadaye, wote wanahimilishwa, joto limeonekana au halikuonekana, na wakati huohuo wanapewa gonadorelini ya pili. Dirisha ni masaa 52 hadi 56. Majike waliokwisha kuzaa wao hungojwa masaa 60 hadi 66, kwa hiyo usiwachanganye na mitamba kwenye ratiba moja.

Hesabu ya saa ndiyo inayowashinda wengi, basi tuifanye hapa. Ukitoa CIDR saa 2 asubuhi Jumatatu, masaa 54 yanaangukia Jumatano saa 8 mchana, jua la kichwa. Ukitoa jioni saa 12, yanaangukia usiku wa manane. Ukianza kutoa saa 11 alfajiri, kabla ng'ombe hawajafunguliwa, unahimilisha Jumatano saa 5 asubuhi, na dirisha lako ni kuanzia saa 3 hadi saa 7 mchana. Hiyo ndiyo ratiba yangu. Inamaanisha kulala kwa mwenyeji Jumapili usiku na kuamka na taa, na sijaona njia nyingine. Waliotolewa kwanza ndio wanaohimilishwa kwanza, kwa hiyo andika namba za hereni kwa mpangilio ule ule.

Kuweka CIDR kuna usafi wake. Ndoo mbili za maji yenye dawa ya kuua vijidudu: moja ya kusuuza kiwekeo, nyingine ya kukichovya kabla ya mtamba anayefuata. Uke unaoshwa na kukaushwa, kifaa kinapakwa mafuta laini maalumu, kinaingia kwa kuelekea juu kidogo kisha mbele, na ule uzi wake unatazama chini. Kata uzi ubaki mfupi wa kuonekana tu. Niliwahi kuacha uzi mrefu ili iwe rahisi kuvuta. Asubuhi tukakuta CIDR mbili zinatafunwa na ndama. Siku ya kutoa, vuta polepole. Ute mzito mweupe utakaotoka nao ni kawaida, husafika wenyewe. Vilivyotumika vifukiwe au vichomwe, visiachwe mbwa wakavichezea.

Brazil, ambako ng'ombe wengi wa nyama ni Nelore, jamii ya zebu kama wetu, huanza na estradioli mahali pa gonadorelini. Ulaya dawa hiyo imepigwa marufuku kwa mifugo ya kuliwa. Usijichanganyie kutokana na video uliyoiona. Muulize daktari wako.

Asubuhi ya kuhimilisha

Kibanio kiwe imara na kiwe kimetumika na mitamba hawa angalau mara mbili kabla, ili wasikiogope siku yenyewe. Hakuna mbwa, hakuna fimbo ya umeme, hakuna kupiga mayowe. Mtamba aliyetishwa hutoa homoni zinazovuruga kazi yote ya siku 9.

Meza yangu naiweka chini ya mwembe, na Tabora hukosi mwembe. Jua la moja kwa moja linaua mbegu. Naitrojeni kwenye mtungi iko nyuzi 196 chini ya sifuri, na nimeshaipima kwa kijiti siku ya kuondoka nyumbani. Chini ya sentimita 5 sisafiri. Kanista, kile kikopo kinachoshika mirija ndani ya mtungi, naipandisha isipite shingo ya mtungi, nachomoa mrija kwa koleo, na naihesabia: ikifika sekunde 8 sijapata nilichotaka, naishusha ipoe, naanza upya. Nimeona mtu akiinyanyua kanista nzima juani kumwonyesha mwenye ng'ombe rangi za mirija. Alizimaliza mbegu zote mle ndani, akaendelea kuhimilisha siku nzima.

Chupa ya chai ya lita moja yenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 inatosha kuyeyushia, mradi una kipimajoto. Kiwiko si kipimajoto. Mrija ukae majini sekunde 30 hadi 45, ufutwe ukauke kabisa, kwa maana hata tone moja la maji linaua mbegu, kisha ukatwe, uingie kwenye bomba lililopashwa kwa kusuguliwa na kuvikwa ala safi. Kuanzia hapo una dakika 15. Kwa hiyo usiyeyushe zaidi ya mirija miwili kwa mara moja, hata kama mwenyeji anaona unachelewa.

Bomba huwekwa ndani ya nguo, kifuani, kutoka mezani hadi kwenye kibanio. Mkono wa kushoto unashika shingo ya mji wa mimba kupitia njia ya mavi. Mkono wa kulia unaingiza bomba kwa kuinamia juu kwanza, likwepe mlango wa mkojo. Kwa mtamba shingo hiyo ni nyembamba na ngumu, ina mikunjo mitatu au minne. Usisukume bomba. Ivike shingo juu ya bomba, kama unavyoivuta soksi juu ya mguu. Ncha ikitokeza tu upande wa pili, simama, sukuma mbegu taratibu ukihesabu hadi tano. Kwenda ndani zaidi ni kuchubua.

Mhimilishaji mmoja mkono unamchoka. Baada ya mitamba 25 mimi nampisha mwenzangu. Aliyechoka haoni mahali ncha ilipo.

Baada ya hapo

Waachie kivulini, wape maji, warudi malishoni palepale walipozoea. Siku ile wasipelekwe joshoni. Kati ya siku ya 5 na ya 42 usiwasafirishe, usiwahamishie mbuga za mbali, usiwaswage hadi mnadani, kwa kuwa ndipo kiinitete kinatafuta kujishika. Kama kuhama ni lazima, hama siku nne za mwanzo au ngoja.

Kuanzia siku ya 18 hadi ya 24 rudisha chaki mkiani na mchungaji wa alfajiri. Atakayerudi kwenye joto mhimilishe tena masaa 12 baadaye. Marudio ya wengi huja kwa pamoja, kwa hiyo mhimilishaji awe na taarifa na mirija ile ya akiba. Kama utamaliza na dume, liingize siku 14 baada ya kuhimilisha, lisiwe kabla, ili ndama wa chupa na wa dume watofautiane kwa tarehe.

Siku ya 60 mkono uingie tena kupima mimba. Kwa mitamba waliochaguliwa vizuri, kati ya 10 ukipata watano kwa uhimilishaji wa mara moja umefanya kazi nzuri. Wanne si haba. Anayekuahidi tisa anakuuzia kitu. Wakitoka wawili, fungua daftari utafute palipovuja: uzito wa Januari, saa ya kutoa CIDR na saa ya kuhimilisha, nani alikuwa na mtungi. Kwangu mimi mara nyingi jibu limekuwa kwenye uzito wa Januari.

Kwenye daftari hilo, mbele ya kila hereni yenye mimba, andika tarehe ya kuhimilishwa na jumlisha siku 285. Kisha zungushia duara tarehe iliyo wiki mbili kabla yake. Kuanzia duara hilo mtamba asilale mbugani, alale karibu na nyumba, mahali utakaposikia akihangaika usiku.